Chainizi za Ng'ambo ya Seng'enge

Enzi zetu Mchina hatukumjua kwa kusimuliwa, tulimwona kwa macho. Nawaambia hasa ninyi wenzangu mliokulia Mlimba na vitongoji vyake miaka ile ya sabini, maana ndio mtakaonielewa upesi. Watoto wa siku hizi Mchina wanamjua kwa simu anayotengeneza na tambi anazouza. Sisi tulimjua kwa viatu vyake vyeusi vya kitambaa, kofia yake pana ya majani, na ile chupa ya chai yenye maua mekundu aliyokwenda nayo kazini kila siku ya Mungu. Walikuja kujenga reli. Wakapiga kambi nyuma ya nyumba zetu, wakazungusha seng'enge, na kwa muda wote huo tukawa majirani.

Asubuhi ilikuwa hivi. Upande wao spika inalia, wanajipanga mistari, wananyoosha mikono na kuinama wote kwa pamoja, wazee kwa vijana. Upande wetu sisi tuko mchakamchaka kuelekea shule, miguu peku, umande hadi magotini, kila mtu na jembe au fagio lake. Nani leo atamwambia mwanafunzi aje shule na fagio? Mwanangu Nassoro nikimwambia afagie chumba chake ananiuliza kwa Kiingereza kwa nini hatununui mashine inayofagia yenyewe.

Mchezo wetu mkubwa, ukiacha rede na kombolela, ulikuwa kuwaigiza Wachina. Tulitafuta fito, tukafunga kopo huku na kopo kule, tukajaza maji na kutembea na mzega begani kwa zile hatua zao fupifupi za kudundadunda. Aliyefika bila kumwaga ndiye fundi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane na nilikuwa fundi, bega langu la kulia lilikuwa na sugu ya kuthibitisha.

Watu wazima nao walikuwa na mchezo wao, nao ulikuwa kuwajadili Wachina. Jioni wakimaliza kula, baba na vibarua wenzake hawakuwa na hadithi nyingine. Baba aliwahusudu. "Bosi wao anashika sururu," alikuwa akirudia, kila siku kama jambo jipya. Yeye alishafanya kazi katika mashamba ya mkonge, na mabosi aliowakuta huko walishika fimbo tu. Aliwapenda kwa kuwahi, kwa kushona nguo zao viraka wenyewe, kwa kutokuchagua kazi. Chuma kikidondoka porini wanarudi kukiokota.

Waliowachukia nao walikuwa na yao. Hawasalimii kwa kituo. Mtu akianguka matopeni wanacheka. Jua linapasua kichwa, wao wanakunywa maji ya moto. Wanafuga nguruwe. Na kubwa kuliko yote, hawaji msibani. Kibarua mmoja alifiwa na mtoto, Wachina wakatuma gunia la mchele, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa mkekani. Mama hakulimeza hilo. "Mtu anatuma mchele badala ya kuja mwenyewe?" alisema. Mchele huo lakini alisaidia kuupika, na ulikuwa mzuri.

Mama ndiye mwenyewe hasa wa habari hii. Alikuwa akiwapikia vibarua wali na mboga chini ya kibanda cha makuti kando ya njia ya kwenda kwenye reli. Tulikuwa watoto watano, na chungu chake ndicho kilichotuvusha mwezi. Na mboga iliyomfanya apate wateja kuwazidi wenzake ilitoka kambini. Kulikuwa na Mchina mmoja wa makamo, mfupi, mwenye meno yaliyoachana, ambaye kazi yake ilikuwa bustani ya kambi. Sisi tulimwita Bwana Shamba. Alilima mboga ambayo leo Tanzania nzima tunaiita chainizi, ila wakati ule hata jina hatukuwa nalo. Majani mapana, shina jeupe lenye maji, ukilitafuna bichi linalia. Kila asubuhi alifunga fungu kwa kamba ya mgomba, akalitundika kwenye seng'enge upande wetu. Mama naye alitundika ndizi mbivu au ndimu. Hawakuwahi kusemezana zaidi ya kupungiana mkono, kwani lugha hawakuwa nayo.

Sasa ile chainizi ilinawiri kwa sababu moja, na sababu hiyo mimi na mama tuliijua. Bwana Shamba alikuwa akienda kwenye vyoo vya kambi yao na ndoo mbili kwenye mzega, anabeba mnachokijua, anakwenda kukimwaga kwenye shimo, anachanganya na majivu na majani, anafunika. Linakaa miezi. Kisha ndiyo mbolea yake. Nilimwona nikiwa nimekwenda kuchuma mapera, nikakimbia kumwambia mama nikidhani nimeleta habari. Hakushtuka hata kidogo, alishamwona zamani. "Ikishaoza inakuwa udongo," alisema. "Mboga inaoshwa, Salma." Na kweli aliosha kwa maji matatu, ya mwisho yana chumvi. Tulikula sote na hakuna aliyeumwa tumbo.

Lakini siku moja kibarua mmoja naye akamwona Bwana Shamba na ndoo zake. Mchana ule habari ilikuwa imeshafika mbele ya reli na kurudi. Watu walikuja kibandani si kula bali kusimama. Mmoja akasema Mama Salma anatulisha najisi. Mwingine akatema mate. Namkumbuka mama na upawa mkononi, jasho linamtiririka, chungu kimejaa na hakuna aliyeketi. Alitutazama sisi watoto, akawatazama wao, akasema, "Sikujua. Wallahi jamani, yule Mchina kanidanganya."

Kesho yake asubuhi fungu lilikuwa limetundikwa kama kawaida. Mama akaniita. Akaniambia nikalichukue, nikalimwage mtaroni, tena nisubiri vibarua wapite ili wanione. Nilikwenda. Wapita njia walikuwa wengi, wakasimama. Nikakata ile kamba, nikamwaga majani moja moja kwenye mtaro wa maji machafu, na mtu akanipigia makofi. Nilipoinua macho nikamwona Bwana Shamba amechuchumaa katikati ya matuta yake, kopo la kumwagilia limeinama na maji yanaendelea kutoka. Akaliweka chini. Akazunguka kwa mlango wa kambi, akateremka mtaroni na viatu vyake vya kitambaa, akaokota majani yale yote, akayakung'uta tope, akayakumbatia na kurudi ndani. Hakufoka. Hakunitazama. Mimi nikaenda shule.

Wateja walirudi siku ileile. Mama alinunua matembele kwa mtu mwingine, chungu kikajaa na kuisha kama zamani. Sisi watoto hatukulala njaa. Jambo hilo halikutajwa tena nyumbani, na ile reli ilisonga mbele, kambi ikahamishwa, matuta yakaota majani ya porini. Nimeishi na aibu ile tangu nikiwa na miaka minane, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Leo niko Auburn, Sydney. Mume wangu anaendesha lori la makontena kutoka Port Botany, mimi nafua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee, na tunakaa kwenye ghorofa la matofali mekundu, ngazi ya kwanza. Mlango unaotazamana na wetu anakaa Mama Wen, mjane wa Kichina wa miaka sabini na kitu. Nyuma ya jengo, kati ya mapipa ya taka na kamba za kuanikia, amepanga masanduku ya povu gumu, yale meupe mepesi ya kubebea samaki, ameyajaza udongo na kupanda mboga. Kiingereza chake na changu vikikutana havijai kikombe.

Korona ilipoingia mwaka ule wa kwanza, niligundua kwamba baraza la baba na vibarua halikufa, limehamia kwenye simu. Waswahili wa hapa tuna kundi letu, wa kutoka Blacktown hadi kwetu, na kila siku sauti zilimiminika. Wachina ndio waliotuletea. Wachina wanakula kila kitu. Dada mmoja alisimulia kwa fahari alivyohama behewa zima alipoona Mchina amekaa. Na sauti hizohizo, baada ya saa moja, zinasifu. Wachina walivaa barakoa kabla hata serikali haijasema. Watoto wao darasani hawashikiki. Duka la Mchina lina kila kitu, hadi bamia. Sikuwapinga. Nami nilikuwa na langu dogo la kumlalamikia Mama Wen, kwa sababu siku ya kwanza tulipokutana kwenye ngazi aliniuliza kwa nini nimenenepa hivi, na siku ya pili akauliza tunalipa kodi kiasi gani.

Mwaka wa pili wakatufungia hasa. Mitaa yetu ya magharibi ndiyo iliyobanwa zaidi, kilomita tano tu kutoka mlangoni, helikopta ya polisi inazunguka juu utadhani tumeiba. Kazini kwetu mtu akapatikana na ugonjwa, nikaambiwa nikae ndani wiki mbili ingawa sikuwa nao. Mume wangu akahamia kwa rafiki yake ili asikose kazi. Nikabaki na Nassoro, ambaye aliishi chumbani kwake na kuwasiliana nami kwa ujumbe wa simu akiwa hatua kumi kutoka jikoni.

Asubuhi ya tatu nikasikia kitu kimegusa kitasa. Nilipochungulia, nikaona fungu la chainizi limetundikwa, limefungwa kwa kamba nyekundu. Mama Wen alikuwa amejua nimefungiwa.

Nilipiga picha, nikamtumia Zuhura. Zuhura ni wa Tanga, anakaa ghorofa ya juu yetu, na ni mtu wangu wa karibu katika mji huu. Alipiga simu papo hapo.

"Shoga, usiguse hiyo kitu! Lockdown yote hii imetoka kwao, we unapokea mboga?"

"Ni mboga tu, Zuhura."

"Mboga tu? Unajua kamwagilia nini? Iache hapohapo, council watakuja kuzoa."

Nikacheka, nikakata simu. Na sikuigusa. Nilijiambia nitaichukua kesho, nikishauliza kama kirusi kinakaa kwenye majani. Kesho nikajiambia keshokutwa. Siku ya tatu nilifungua mlango niweke taka nje, nikamkuta Mama Wen amesimama kwenye ngazi na barakoa yake. Alikuwa akiyatazama yale majani. Yalikuwa yamesinyaa na kugeuka manjano, yanateleza. Alifungua ile kamba nyekundu taratibu, akayaweka majani kwenye mfuko wake, akaingia kwake na kufunga mlango bila kuubamiza.

Nilikaa chini palepale kwenye zulia la mlangoni. Niliona haya ambayo sikuyaona hata siku ile ya mtaro. Wakati ule nilikuwa mtoto na nilitumwa. Sasa nilikuwa mama mtu mzima, hakuna chungu kilichokuwa hatarini, hakuna mtu aliyesimama njiani kunitazama. Nimefanya mwenyewe, kwa woga wa maneno ya simu.

Siku niliyoachiwa, jambo la kwanza nilikwenda kununua chainizi dukani. Nikaikatakata, nikaikaanga na kitunguu na nyanya, nikaimiminia tui zito la nazi, nikapika na wali. Nikajaza bakuli langu zuri la wageni, nikagonga mlango wa pili.

Mama Wen alifungua. Aliliona bakuli, akapunga mikono yote miwili. Hapana, hapana. Nikamwambia tafadhali, ni kwa ajili yako. Hapana, hapana, kula wewe. Akatabasamu kidogo, nikaliona tabasamu lile kuwa la kufukuzia. Nikarudi na bakuli langu. Kwetu mtu akikataa chakula chako amekwisha kukuhukumu, na mimi nilijua kosa langu. Nililia jikoni. Nassoro akatoka kutafuta maji, akanikuta.

"Mum, just text her," akasema, akarudi chumbani. Kizazi hiki kinaamini hakuna jambo lisilotatuliwa kwa kidole gumba.

Nikampigia mama. Siku hizi anaishi Ifakara kwa mdogo wangu, macho yamechoka lakini masikio ni mazima. Sijui kilichonisukuma, labda ni kule kufungiwa wiki mbili. Nilimsimulia kila kitu, fungu mlangoni, siku tatu, bakuli lililokataliwa. Kisha nikasema, "Mama, nimemfanyia kama tulivyomfanyia Bwana Shamba."

Nikamsikia akivuta kigoda.

"Nilimfuata," mama akasema.

"Ulimfuata nani?"

"Yule bwana. Ulipokwenda shule nilipika wali wa nazi, nikaufunga kwenye jani. Kesho yake alfajiri nikaenda pale kwenye seng'enge. Yuko mbali anamwagilia. Nikataka kumwita, nikaona watu wanapita. Nikaogopa, Salma. Wakiniona watasema nilijua. Nikarudi nao. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nikasema leo liwalo na liwe, nikaita. Akageuka mtu mwingine kabisa. Yule wangu walishampeleka kambi ya mbele."

Nilikuwa nimemhukumu mama yangu kimoyomoyo tangu utoto, na siku zile tatu tulikuwa tukifakamia wali wa nazi uliobaki bila kujua umetoka wapi, maana nakumbuka tulikula wali wa nazi asubuhi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwetu, na tulishangilia.

"Huyo wako umemkaribisha mara ngapi?" mama akauliza.

"Mbili."

"Mbili ndiyo nini? Hapa kwetu mtu unamkaribisha mara mbili akanawa? Si atasema ana njaa. Huyo ni mtu mzima ana heshima zake. Na yuko mlango wa pili, hajahamishwa. Nenda."

Nikapasha moto chakula, nikagonga tena. Mama Wen akaanza kupunga mikono. Safari hii sikuondoka. Nilisimama na bakuli langu, nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba zile mboga niliziacha mlangoni kwa ujinga, na ninaomba radhi. Sijui alishika maneno mangapi. Akalipokea bakuli kwa mikono yote miwili. Baadaye sana binti yake aliniambia, tukiwa tumekutana kwenye mapipa, kwamba kwao anayepokea chakula kwa mara ya kwanza anaonekana mlafi, na kwamba mama yake mara ile ya kwanza alisikitika kwa nini yule Mwafrika amekata tamaa haraka.

Hakuingia nalo ndani. Alileta kigoda na vijiti vyake, akaketi mlangoni kwake, nami nikaketi mlangoni kwangu, ngazi katikati yetu kama sheria ilivyotaka. Akateremsha barakoa, akaonja, akatafuna polepole.

"Chumvi nyingi," akasema.

Akaendelea kula hadi bakuli likawa jeupe. Hakusema asante, wala hakusifu nazi. Aliuliza mume wangu amekwenda wapi, kama tumegombana. Mambo yaleyale tunayowasema kwenye simu, kukosa kuzungushazungusha, kuuliza yasiyowahusu. Mchana ule niliyapenda yote. Nilijisikia nimesamehewa, na nilifurahi kama mtoto.

Siku hizi soko la Ifakara limejaa chainizi, na hakuna mnunuzi anayeuliza imelimwaje. Watoto wanaila bila kujua ililetwa na nani. Dunia imewasogeza watu karibu kwa namna yake. Mlango kwa mlango, ukuta mmoja, simu mkononi, na bado nilikaa siku tatu bila kugusa fungu la mboga. Enzi zetu kulikuwa na seng'enge kabisa, tena ya miba, na mtu aliamka kila asubuhi akapitisha mkono wake kumpa jirani asiyejua lugha yake. Yale yalikuwa maisha, ila na sisi hatukuyatunza.

Jioni nilimpigia mama tena nimpe habari.

"Kala?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Kala yote, mama. Kasema ina chumvi nyingi."

Mama alicheka hadi akakohoa. Akashusha pumzi. "Umshike huyo," akasema. "Anaitwa nani?"

"Mama Wen."

Akalirudia jina lile mara mbili tatu, apate kulishika. Kisha akasema, "Mimi yule wangu hata jina sikumuuliza."